Bunduki Ikikataa Kulia, Usishike Tupa

Wakulima wenzangu, najua ya kuwa wengi wenu hamna bunduki wala hamtaki kuwa nayo, na mkiona kichwa cha maneno haya mtafungua upesi ukurasa wa bei za maziwa. Ngojeni kidogo. Katika skimu zetu wako wachache wenye cheti cha bunduki ndogo ya .22, na kila mmoja wao ana majirani. Bunduki isiyoaminika ni shauri la majirani wote, kama vile ng'ombe asiyepelekwa josho.

Naandika kwa sababu ya jambo nililoliona kwa macho yangu mwezi wa Julai, 2019, katika skimu moja ya Nyandarua. Nilikuwa nimekwenda bomani kwa mzee mmoja kuandika hesabu ya ng'ombe wake. Baridi ilikuwa ile ya kule juu, ambayo huunguza majani ya viazi kwa usiku mmoja. Tulikuwa tumekaa tukinywa chai, mara tukasikia kelele za watoto. Mbwa asiyejulikana alikuwa ameingia uani, mate yanamtoka, anayumba kama mlevi, naye alikuwa amekwisha kumwuma mtoto wa miaka minane mguuni.

Mzee hakusita. Aliwaamuru watoto waingie nyumbani, akafungua sanduku la chuma, akatoka na bunduki yake. Akangoja mpaka mbwa alipokuwa mbele ya kingo ya udongo, akavuta. Ta! Haikulia. Akafungua bolti upesi upesi karibu na uso wake, akatia risasi nyingine, akavuta tena. Ta! Mbwa akageuka, akamjia mama mwenye nyumba aliyekuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Yeye ndiye aliyeimaliza kazi ile, kwa jembe.

Mtoto alioshwa jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, akapelekwa hospitali siku ile ile, akachomwa sindano zote alizopangiwa, naye ni mzima. Lakini kila mtu aliyekuwapo aliona ya kuwa jambo lile lingaliweza kwenda vingine. Kichaa cha mbwa kikisha kuonyesha dalili katika mwili wa mtu, karibu kila mara mtu huyo hufa.

Jioni, Mzee aliweka bunduki mezani akaitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyemwaibisha mbele ya wageni. "Mwalimu," akaniambia, maana kule bado huniita hivyo ingawa niliacha chaki zamani, "kesho nampelekea yule fundi wa baiskeli pale sokoni. Atainoa pini iwe kali, na springi ataivuta kidogo ipate nguvu. Mia mbili tu."

Nilimwomba asiende. Na hapa ndipo ninapotaka kutoa maoni yangu, kwa kuwa nimeona ya kwamba juu ya shauri hili watu wamegawanyika pande mbili, na pande zote mbili zinakosea.

Upande mmoja husema, bunduki ni kitu cha serikali, usiiguse hata kuipangusa. Ikiharibika ipelekwe kwa mafundi wa Nairobi. Maneno haya yanasikika kuwa ya busara, lakini matokeo yake ni kwamba mwenye bunduki huiacha miaka mitano katika sanduku bila kuifungua, na siku ya kuihitaji inamfanyia kama ilivyomfanyia Mzee. Upande wa pili husema, chuma ni chuma, na mtu anayeweza kufungua gia za baiskeli anaweza kufungua bunduki. Mimi nasema hivi: kuisafisha bunduki na kuikagua ni kazi ya mwenye cheti mwenyewe, nyumbani kwake, na asiyeifanya ni mvivu. Lakini kukata, kunoa, kupinda na kuvuta springi si kazi ya nyumbani kabisa. Mtu akijua mpaka uko wapi kati ya mambo hayo mawili, hana haja ya kuogopa.

Ili tuuone mpaka huo, yafaa kwanza tujue bunduki hii hufanyaje kazi. Risasi ya bunduki kubwa ina kitufe kidogo katikati ya kitako chake, na ndani ya kitufe hicho mna dawa ya kuwasha baruti. Risasi ya .22 haina kitufe. Dawa yake imezungushwa ndani ya ukingo wa kitako, pande zote. Mfaransa aitwaye Flobert alianza namna hii mwaka 1845; Smith & Wesson wa Marekani wakatoa risasi fupi ya .22 mwaka 1857. Na hii inayotumika zaidi leo,.22 Long Rifle, ilitoka mwaka 1887. Mtu akivuta, pini hugonga ukingo, nao ukingo hubanwa kati ya pini na mdomo wa chumba cha risasi, kama punje ya mahindi kati ya mawe mawili ya kusagia. Dawa ikisagika, huwaka.

Basi mambo matatu ni lazima yawepo. Dawa iwe mahali pale pale panapogongwa. Pini igonge kwa nguvu. Na mdomo wa chumba uwe imara, usiwe na bonde, maana ndilo jiwe la chini. Likikosekana moja, utasikia ta! na hakuna zaidi. Fundi wa sokoni hulijua lile la pili tu, na hata hilo hulijua nusu.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa Mzee. Yeye ndiye aliyeifungua bunduki. Mimi sikuishika, kwa maana cheti si changu. Kazi yangu ilikuwa kusoma kijitabu kilichokuja na bunduki hiyo na kuandika tuliyoyaona katika daftari. Kwanza alihakikisha mara mbili, kwa jicho na kwa kidole, ya kuwa hamna risasi katika chumba wala katika kasha lake, na risasi zote akaziweka chumba kingine. Jambo hili halina mkato. Bunduki nyingi zilizoua watu wa nyumbani ziliitwa tupu na wenyewe.

Tulianza na zile risasi mbili zilizokataa, ambazo nilikuwa nimemwomba azihifadhi. Mkulima akitaka kujua ng'ombe ana ugonjwa gani hutazama kinyesi kabla ya kununua dawa. Kadhalika hapa, alama ya pini juu ya ukingo husema mengi. Ikiwa alama ni ya kina na safi, na risasi haikulia, kosa ni la risasi: pengine dawa haikufika mahali pale ilipokuwa ikizungushwa kiwandani, au unyevu umeiharibu. Risasi ya .22 ni ya bei rahisi na hutengenezwa kwa wingi sana, kwa hiyo moja moja mbovu haikosekani hata katika sanduku jipya. Lakini ikiwa alama ni hafifu, basi pini haikugonga kwa nguvu, au jiwe la chini lina kasoro. Alama za Mzee zilikuwa hafifu, kama ukucha uliopita juu ya mafuta yaliyoganda.

Akaitoa bolti. Hapo nilielewa. Miaka mingi Mzee alikuwa akiipenda bunduki yake kwa namna mbaya: kila mara alipoikumbuka aliipaka grisi, ile ile ya kupaka magurudumu ya mkokoteni. Grisi ilikuwa imechanganyika na masizi ya baruti na vumbi, na kwa baridi ile ya Julai ilikuwa nzito kama ugali uliolala. Pini ilikuwa ikienda ndani yake kama jembe katika matope. Springi haikuwa na kosa lolote. Kama angalimpa yule fundi aivute, angalikuwa na springi iliyoharibika pamoja na grisi ile ile.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Alivifungua vile vipande tu ambavyo kijitabu kiliruhusu mwenyewe avifungue, akavitia katika kibakuli cha mafuta ya taa, mbali na moto, akavisugua kwa mswaki wa zamani. Akavikausha kabisa kwa kitambaa safi. Kisha akapaka tone moja la mafuta mepesi ya cherehani, akapangusa mpaka ungedhani hakupaka kitu. Wengi hukosea hapa. Mafuta mengi hayailindi bunduki. Hukusanya uchafu, na tena hupenya katika risasi na kuiharibu. Risasi yenyewe isipakwe mafuta hata kidogo.

Mtutu hauhitaji kusuguliwa kila juma kama sufuria. Risasi hizi ni za risasi laini yenye nta, na mitutu mingi ya .22 imeharibiwa zaidi na ufito wa kusafishia kuliko na risasi. Ufito uingizwe kutoka nyuma, bolti ikiwa imetolewa, usikwaruze mdomo wa mbele. Mahali panaposahauliwa ni chumba cha risasi na ule ukucha mdogo unaovuta ganda. Masizi na nta vikijaa humo, risasi haiingii mpaka mwisho, na nguvu ya pini huishia katika kuisukuma ndani badala ya kuusaga ukingo. Mtu huona risasi ikikataa mara ya kwanza na kulia mara ya pili, akadhani ni uchawi.

Mzee alipomulika tochi katika mdomo wa chumba tuliona jambo la tatu, nalo lilimhuzunisha. Palikuwa na kidonda kidogo cha chuma mahali pale pale pini inapogonga. Nikamwuliza kama huwa anavuta bunduki ikiwa tupu. Akanyamaza. Mama mwenye nyumba akajibu kutoka jikoni: "Kila jioni! Akiwa na wageni, mara kumi!" Katika bunduki nyingi za .22, pasipo risasi pini hukosa ukingo wa kugonga, ikapiga chuma cha chumba chenyewe. Ikipiga hivyo miaka na miaka hufanya bonde, na risasi ikija kukaa juu ya bonde hilo haina kitu cha kuibana. Tena ganda hukwama. Basi wenye bunduki, acheni mchezo huo, wala msiwaachie wajukuu.

Kidonda hicho ndicho kilichokuwa upande wa pili wa mpaka. Grisi tuliiweza nyumbani. Chuma kilichopondeka hatukukiweza, wala hatukujaribu. Mzee aliipeleka bunduki yeye mwenyewe, pamoja na cheti chake, kwa fundi aliyesajiliwa mjini Nairobi. Fundi huyo ana chombo maalum cha kurudishia ukingo wa chumba mahali pake, na kazi haikumchukua muda mrefu. Alimwonyesha Mzee pia bunduki ya mtu mwingine ambayo pini yake ilikuwa imenolewa kijijini. Pini kali haibani ukingo, bali huutoboa, na moto wa baruti hurudi nyuma kuelekea jicho la mpigaji. Mzee aliporudi alinieleza jambo hilo mara tatu kwa mchana mmoja.

Sina dharau kwa mafundi wa baiskeli. Mmoja wao ameniunganishia keria mara mbili, na ingali imara. Tena watu wa milima yetu si wageni wa kutengeneza bunduki kwa mikono. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, wapiganaji wa misituni walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji, komeo za milango na mipira ya magurudumu. Nyingine zililia, nyingine zilikataa, nyingine zilipasukia mikononi mwa waliozishika. Wakati huo mtu aliyekutwa na bunduki au hata risasi bila kibali aliweza kunyongwa. Dedan Kimathi alihukumiwa kwa kosa la kuwa na bastola, akanyongwa tarehe 18 Februari, 1957. Watu wale walikuwa na sababu yao ya kubahatisha maisha, wala hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Sisi tunabahatisha kwa ajili ya kuokoa nauli ya matatu.

Na sheria nayo iko. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti ni cha mtu aliyeandikwa, na anayetengeneza bunduki kwa biashara ni lazima awe amesajiliwa. Mwenye kumwachia fundi wa sokoni bunduki yake mpaka jioni amempa silaha mtu asiye na cheti, na wote wawili wana kesi. Hili nalisema hasa kwa vijana ambao baba zao wamefariki wakaacha bunduki sandukuni. Cheti hakirithiwi kama shamba. Usianze kuisafisha wala kuitengeneza; enda kituo cha polisi ukawaarifu, nao watakueleza la kufanya.

Nirudi kwa lile nililoliona uani, Mzee akifungua bolti upesi karibu na uso. Mara chache sana dawa huwaka polepole, na risasi hulia baada ya kitambo. Bolti ikiwa imefunguliwa wakati huo, ganda hupasuka nje ya chumba na vipande vyake huruka. Risasi ikikataa, acha mtutu uelekee pale pale mahali pa salama, hesabu polepole mpaka 30, ndipo ufungue, uso ukiwa kando. Najua ya kuwa mwenye mbwa wa kichaa mbele yake hatahesabu mpaka 30. Ndiyo sababu nasema bunduki ikaguliwe kabla ya siku hiyo, siyo siku hiyo. Na ikiwa badala ya mlio umesikia sauti dhaifu, kama chupa ikizibuliwa, simama kabisa! Pengine risasi imekwama ndani ya mtutu, na ya pili ikiifuata mtutu utapasuka. Hiyo nayo ni ya fundi aliyesajiliwa. Usiigonge kwa msumari.

Risasi zilizokataa usizitupe shimoni wala motoni, ambako mtoto ataziokota au zitalia zenyewe. Zipeleke kituo cha polisi. Za Mzee zilikuwa zimekaa katika mkebe juu ya dari la jikoni miaka mingi kabla hajanunua sanduku la chuma, zikipata moshi mchana na ubaridi usiku, na shaba yake ilikuwa imefanya kutu ya kijani. Hizo zote alizirudisha.

Msomaji mmoja ataniuliza, kwa nini kusumbuka namna hii kwa bunduki ndogo? Kwa sababu ndogo ni jina tu. Risasi ya .22 Long Rifle inaweza kufika kiasi cha kilomita moja na nusu. Shamba la eka 15 likiwa la mraba, upande wake ni kama mita 250. Kwa hiyo risasi iliyokosa mbwa katika shamba lako yaweza kupita mashamba sita ya watu wanaopalilia. Mzee alingoja mbwa awe mbele ya kingo ya udongo, na kwa hilo namsifu, kwa maana wengine hawangojei. Hata hivyo .22 haina nguvu ya kumaliza fahali mkubwa aliyevunjika. Hapo mwite daktari wa mifugo. Wala isitumiwe juu ya nyani na nguruwe wa mwitu katika mahindi. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inawalinda. Wanaokula mazao hupelekewa habari zao maofisa wa KWS.

Kwa kweli, mkulima akiniuliza kama aombe cheti, mimi humwuliza kwanza kama mbwa wake wamechanjwa. Sindano ya mbwa ya kila mwaka imezuia kichaa kuliko bunduki zote za skimu. Na mbwa akishukiwa kuwa na kichaa akauawa, kichwa kisiharibiwe, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa na wataalamu. Risasi ya kichwani ingaliwanyima kipimo hicho.

Lakini aliye na cheti tayari, na afanye kazi yake. Mzee sasa ana daftari. Humo huandika tarehe aliyosafisha, risasi alizonunua na nambari ya sanduku lake, na kila iliyokataa pamoja na alama yake ilivyokuwa. Baada ya kutoka kwa fundi alikwenda kiwanja cha shabaha kilichoruhusiwa, akapiga risasi 50 mpya. Moja ilikataa. Alihesabu mpaka 30, akaitoa, akaitazama: alama ilikuwa ya kina, na kosa lilikuwa la risasi. Akaiandika.

Mama mwenye nyumba amelisoma daftari hilo, akasema ni zuri. Jembe lake bado liko nyuma ya mlango wa jikoni.